Naomba ushauri: vinyama vyangu vya nyumba za wanasesere, niviuze au viwe vya kujifurahisha tu?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Mji Mkongwe, nachonga vinyama vya mti vya kuwekwa kwenye nyumba za wanasesere, kipimo cha 1 kwa 12, yaani kila sentimita 12 za mnyama halisi zinakuwa sentimita 1. Kima punju, yule kima wa msitu wa Jozani hapa Zanzibar, ukiacha mkia, anatoka kama kidole gumba! Mgongo wake mwekundu naupaka kwa brashi ya nywele chache, na mkia ukivunjika naanza upya. Mmoja hunichukua jioni nne.

Sasa mwenye duka la watalii anataka 30 kila mwezi, kwa bei ya vinyago vya kawaida. Kazi hii naipenda mno, naogopa haraka itaniondolea raha yake. Mliowahi kufanya hivi, bei mlipangaje? Na nimjibuje bila kumvunja moyo?