Naomba ushauri: kamshafti mpya na tapeti za zamani, Ford Escort 1300

Wakuu, niko Malindi. Kamshafti (mhimili wenye kemu, yaani vinundu vinavyofungua vali za injini) ni mpya, lakini fundi anataka kurudisha tapeti 8 za zamani (vipande vinavyokaa juu ya kemu na kusukumwa nazo). Napinga kabisa. Uso wa tapeti huwa umebinuka kidogo sana ili izunguke inaposukumwa na kemu. Hizi ukizilaza rula, mwanga unapita katikati. Zimebonyea, tena zina vishimo, zitaila kamshafti mapema. Na kwenye injini hii tapeti huingilia chini, kabla ya kamshafti, kwa hiyo kuzibadilisha baadaye ni kufungua yote upya.

Je, kuna karakana Mombasa inayosaga uso upya kwa mbinuko sahihi, au ninunue seti mpya? Na oili yenye zinki ya kutosha kulinda kemu kwa dakika 20 za kwanza za kuwasha injini, raundi 2000 kwa dakika bila kuiacha ingurume taratibu (sailensa), mnapata wapi huku Pwani?