Hedifoni ya omu 250, bajeti laki nne: nichukue DAC na amplifaya ipi?

Kisasa_Juu (mtoa mada)

Habari za jioni wakuu.

Nipo Dodoma, nimepanga Kisasa, kazi Mtumba. Nikirudi jioni starehe yangu ni muziki, lakini ukuta nachangia na jirani mwenye kichanga, kwa hiyo spika zimepumzishwa. Kaka yangu alipokuja kutoka Ujerumani aliniletea hedifoni ya Beyerdynamic DT 990 Pro, ile ya omu 250 (ukinzani wake wa umeme).

Tatizo ni kwamba nikiichomeka kwenye laptopu inabidi sauti niipandishe hadi mwisho, na bado gitaa la Mbaraka Mwinshehe nalisikia kwa mbali. Bongo Fleva ya sasa hivi angalau inatosha. Rekodi za ilimba na zeze za marehemu Hukwe Zawose ndiyo kabisa, natega sikio. Halafu laptopu ikiwa kwenye chaji kuna mvumo mwembamba unaobaki wimbo ukiisha. Simu yangu ni Android isiyo na tundu la hedifoni.

Nimezunguka mtandaoni kutafuta DAC (kifaa cha kugeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya umeme) na amplifaya ya kuyakuza, nimetoka na majina tu: FiiO K11 na iFi Zen DAC zenye vyote viwili kwa pamoja, Schiit Modi (DAC) na Magni (amplifaya) za kupandanisha, na viadapta vya Type-C vyenye urefu wa kidole. Mmoja anasema DAC ndiyo roho ya sauti, mwingine anasema DAC zote ni zilezile. Bajeti laki nne, nikijikamua sana tano. Nasikilizia nyumbani tu, sitembei nayo.

Wajuvi mje mnielekeze, natanguliza shukrani.

Ngoja_Waje

Nimekaa pale nawasubiri wataalamu. Na mimi ninayo ya omu 80, hali ni hiyohiyo.

Fundi_Redio

Mkuu, weka kwanza majina ya vifaa pembeni. Anza na hedifoni yako inataka volti ngapi.

DT 990 Pro inatoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Kwenye omu 250, miliwati 1 ni volti 0.5 tu. Kila ukizidisha volti mara mbili unaongeza desibeli 6. Kwa hiyo volti 1 inakupa 102, volti 2 inakupa 108, volti 4 inakupa 114. Ukisoma hapo unaweza kusema "mbona 102 ni kelele tosha?" Ni kelele kweli, ila hiyo ni sauti ya kilele, yaani pale ngoma inapogonga. Wastani wa wimbo uko chini ya hapo. Nyimbo za sasa zimebanwa studio hadi wastani umekaribia kilele, ndiyo maana Bongo Fleva inakutosha. Rekodi ya zamani, au ya mtu mmoja na ilimba yake, wastani unaweza kuwa chini ya kilele kwa desibeli 15 hadi 20. Laptopu nyingi hutoa karibu volti 1, nyingine hata hapo hazifiki. Umeona sasa Zawose anapopotelea?

Unachohitaji ni kifaa kinachotoa volti 3 au 4 safi. Volti 4 kwenye omu 250 ni miliwati 64. Ndiyo, 64. Kwa hiyo ukiona tangazo la K11 limeandikwa miliwati 1,400, usilipe hela kwa ajili ya hiyo namba. Ni kipimo cha hedifoni ya omu 32 kupitia tundu la balansi (kila sikio na waya zake mbili) la milimita 4.4, na waya wa DT 990 Pro hauwezi kutumia balansi mpaka ufungue hedifoni na kuchomelea waya mwingine. Kazi ya nini?

Tundu la kawaida la milimita 6.35 la K11 linakutosha na chenji inabaki. Zen DAC nayo vilevile.

Mzee_wa_Valvu

Kwa heshima zote, hapo juu mmezungumza hesabu, hamjazungumza muziki. Hedifoni ya omu 250 inapendana na amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazopata moto, kama za redio za zamani), hasa zisizo na transfoma ya kutolea sauti. Inapata joto, inapata uhai. Na DAC usiichukulie poa, chip ndiyo inayoamua sauti ya vyombo. Kijana jikusanye, nunua DAC peke yake, baadaye amplifaya peke yake. Hivi vya mbili kwa moja ni vya kuanzia tu.

Fundi_Redio

Mzee wangu shikamoo. Kwenye valvu sibishani na wewe, kwa omu 250 zinakwenda vizuri na kuna watu wanaipenda ladha yake. Ila huyu yuko Dodoma, Oktoba, chumba kimoja, unataka umwekee na jiko mezani?

Kwenye DAC nabisha. CD ni biti 16 kwa kilohezi 44.1, na biti 16 zinabeba tofauti ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Chumba chake chenye feni hakina ukimya wa kutosha kuzisikia zote. Kiadapta cha Apple cha Type-C, kile kinachouzwa dola 9 Marekani, kimepimwa na watu wengi na ni kisafi kuliko watu wanavyodhani. Mtoa mada anachokosa ni nguvu, usafi anao.

Na wanaosema wamesikia tofauti kati ya DAC mbili, waulize kama walisawazisha sauti kwa mita kabla ya kulinganisha. Moja ikiwa juu kwa desibeli moja tu, sikio litasema hiyo ndiyo bora, kila siku.

Mzee_wa_Valvu

Marahaba. Masikio yangu nayaamini kuliko mita yako, lakini tuendelee.

Dada_Ipagala

Samahani naingilia. Mtoa mada, unajua kwamba hiyo hedifoni ina mgongo wazi? Jirani hatasikia kupitia ukuta, lakini mtu aliyelala chumba hichohicho atasikia wimbo mzima. Kama una mwenza, mwulize kabla hujaongeza amplifaya. Na inaingiza vilevile: feni yako, mbwa wa mtaa, vyote unavisikia. Mimi yangu ni ya kufunga, DT 770 ya omu 80, kwa sababu hiyo tu.

Jambo la pili, kwa kuwa nafanya kazi sekta ya afya: Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, ukipanda hadi 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki. Ukipata amplifaya yenye nguvu, ile laptopu iliyokuwa inakuzuia haipo tena. Zima feni, utaona unavyoshusha sauti mwenyewe.

Umeme_Nkuhungu

Mimi ni fundi wa umeme wa majumbani, naona wote mmeruka ule mvumo. DAC mpya inaweza isiuondoe, maana inachomekwa USB kwenye laptopu ileile.

Fanya hivi leo: wimbo ukisimama na mvumo upo, chomoa chaja. Ukipotea papo hapo, tatizo ni chaja na ethi. Angalia plagi ya chaja ina pini ngapi, na kama umeipitisha kwenye adapta ya pini mbili au ekstensheni ya bei ya kutupa ambayo pini ya tatu haina waya ndani. Nyingi nilizofungua ziko hivyo.

Kama ekstensheni ni nzima, tazama ethi ya nyumba. Hapa Dodoma udongo ukikauka kuanzia katikati ya mwaka, ule mchuma uliozikwa ardhini haushiki vizuri, ukinzani wa udongo mkavu ni mkubwa sana. Mwambie mwenye nyumba alete fundi apime kwa kipimo cha ethi, na ikibidi mchuma uongezwe kina. Hilo si la muziki tu, ni la usalama wa wote mnaokaa humo. Na tafadhali, ukisoma mahali kwamba dawa ya mvumo ni kukata pini ya ethi, funga huo ukurasa.

Ikishindikana, sikiliza laptopu ikiwa kwenye betri. Au chukua kifaa kinachopokea sauti kwa waya wa mwanga kutoka kwenye televisheni au deki, kwa sababu waya huo haupitishi umeme na mvumo hauna njia. K11 ina tundu hilo.

Mpokea_Mzigo

Kwa upande wa bei. K11 ilitoka 2023 kwa dola 129. Ukiagiza nje, piga hesabu ya kifaa, nauli, ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18 ambayo inakokotolewa juu ya vyote hivyo, siyo juu ya dola 129 peke yake. Watu wengi hapo ndipo bajeti inapokatikia. Laki nne inakaribia, usiwe na uhakika mpaka uone bei ya usafiri.

Schiit usiinunue Marekani kwa mkono wa mtu bila kuuliza adapta yake. Magni inakuja na adapta ya umeme wa nchi husika. Ya volti 115 ukiichomeka kwenye 230 zetu unaaga. Tena adapta yenyewe inatoa umeme wa AC, siyo DC, kwa hiyo huwezi kuokota yoyote sokoni ukaibadilisha.

Kariakoo vipo, ila omba uchomeke hedifoni yako palepale dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, shukuru uondoke. Kutuma kwa basi hadi stendi ya Nanenane hakuna shida, sisitiza tu kifungwe kwenye sponji.

Kisasa_Juu (mtoa mada)

Wakuu nawashukuru sana. Nimechomoa chaja, mvumo umekufa palepale. Ekstensheni nimeifungua kwa bisibisi: pini ya tatu ipo kwa nje, ndani hakuna waya. Hiyo nabadilisha kesho.

Mwenza yupo, dada Ipagala, na kashasema anasikia "vibati" usiku. Tutaelewana.

Sasa swali: umeme ukikatika nasikilizaje? Nilipenda wazo la Zen DAC kwa kuwa nasikia inakula umeme wa USB ya laptopu. Halafu hii hedifoni mbona herufi "s" na matoazi yananichoma? Nikiongeza nguvu si ndiyo yatanichoma zaidi?

Fundi_Redio

Zen DAC inatumia volti 5, inaweza kula USB ya laptopu ikatosha. Hapo inaishinda K11 inayotaka volti 12 za DC kutoka kwenye adapta yake. Ila ukiwa na ile UPS ndogo ya ruta yenye tundu la volti 12, K11 nayo inawaka. Soma kwanza amperi zilizoandikwa kwenye adapta ya K11, UPS isiwe chini ya hapo. Usiunge moja kwa moja kwenye betri ya sola. Inaitwa ya volti 12 lakini ikichajiwa mchana inapita 14.

Kuchoma kwa matoazi siyo upungufu wa nguvu, ni tabia ya DT 990 yenyewe. Ina mlima kwenye eneo la kilohezi 8, na inajulikana kwa hilo. Hakuna DAC ya kuuondoa. Dawa ni ya bure: pakua Equalizer APO, programu ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, kwenye Windows, weka kichujio kimoja kwenye hezi 8,000, shusha desibeli 5, sikiliza wiki moja halafu rekebisha. Kwenye simu iko programu ya Wavelet.

Tena ufanye hivyo kabla hujanunua kitu. Ukisikia tofauti ya kushusha desibeli 5 pale, utaelewa kwa nini sikuhangaika na chip ya DAC.

Mzee_wa_Valvu

Kwenye huo mlima wa kilohezi 8 nakubaliana na fundi. Valvu pia haiuondoi, inaupaka mafuta tu.

Area_D_Sauti

Kaka, mimi nipo Area D. Ninacho kile kiadapta cha Apple, namba A2049, kinatoa volti 1. Kile cha Ulaya, A2155, kimefungwa kwenye nusu volti, kwa hiyo ukinunua angalia namba iliyochapwa kwenye waya. Kwa hesabu ya fundi hapo juu, changu kinakupa desibeli 102 za kilele, cha Ulaya 96. Kwenye baadhi ya Android kinaanza na sauti ndogo sana na simu inashindwa kuipandisha, kwa hiyo kijaribu kwenye laptopu.

Pia nina K11. Njoo Jumamosi na hedifoni yako na hao akina Zawose, hakikisha faili ni nzima. Ukija na MP3 za 128 zilizovutwa YouTube tutakuwa tunapima uchafu. Ile plagi ya kusokota ya 6.35 iliyokuja na DT 990 usiisahau, K11 inaitaka.

Kisasa_Juu (mtoa mada)

Nitakuja kaka, nakuandikia inboksi. Kama kiadapta na Equalizer vikitosha, laki nne inabaki mfukoni. Visipotosha, naangalia Zen DAC kwanza kwa sababu ya umeme, K11 ikiwa ya pili kwa sababu ya waya wa mwanga wa TV. Kupandanisha vifaa viwili nimeachana nako.

Dada_Ipagala

Nenda na mwenza wako pia, naye ana masikio.

Ngoja_Waje

Na wenye omu 80 je?

Fundi_Redio

Omu 80 kwa desibeli 96 hizohizo: miliwati 1 ni volti 0.28 hivi. Kwenye volti 1 unapata kama 107. Laptopu yako ikishindwa hapo, angalia kwanza kama sauti ya programu yenyewe haijashushwa.