MJADALA: Usalama wa makabidhiano ya mitandao uchaguliwe kwa shindano la wazi au kwa kura ya kamati?

Msoma Itifaki
Wakuu, kuna jambo linanikereketa. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi na mwenye simu akatembea, inatakiwa ihamie mtandao wa minara bila mazungumzo kukatika. Hayo ndiyo makabidhiano. IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, walitengeneza kiwango cha 802.21 kwa ajili ya kuvuka kati ya mitandao ya aina tofauti. Toleo la kwanza ni la 2008, usalama ukaja baadaye kama nyongeza, 802.21a, mwaka 2012.

Nyongeza hiyo ilibeba mizigo miwili. Kwanza, kujithibitisha upya kila unapohamia mtandao mpya kunakula muda. Pili, ujumbe wenyewe wa kupanga safari, ule unaoiambia simu "kuna mtandao pale, hamia", ukiweza kughushiwa, adui anamvuta mtu hadi kwenye kituo chake bila kumgusa.

Kinachonisumbua ni namna suluhisho zinavyopatikana. Desturi ya kamati za 802, familia ya viwango vya mitandao ya IEEE, ni kutoa wito wa mapendekezo, wenye nayo wanawasilisha, wanashauriana kuyaunganisha, kisha hoja ya kiufundi inahitaji kura asilimia 75. Waliopendekeza wamo humo humo ndani wakipiga kura. Mwamba ngoma huvuta kwake. Linganisheni na AES, kiwango cha usimbaji cha Marekani: NIST, taasisi ya viwango ya huko, waliita dunia nzima mwaka 1997, mwaka 1998 wakapokea algoriti (kanuni za kusimba) 15, zikaachwa hadharani zivunjwe na kila mwenye uwezo, 1999 zikabaki 5, Oktoba 2000 Rijndael ikashinda.

Nasema hivi: vigezo viandikwe na vifungwe kabla pendekezo la kwanza halijafika, na uwepo muda maalumu wa kuvunja, si wa kusifia. Nani ananipinga?

Kufuli
Sikupingi hata neno. Usalama ukiwaachia watu wa redio peke yao unapata WEP, ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi uliovunjwa vibaya. Historia imeshajibu swali lako.

Mzee wa Minara
Kufuli, umenigusa pabaya na sitanyamaza. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi kuliko unavyodhani, na hii kejeli ya "watu wa redio" nimeisikia mpaka masikio yanauma. WEP ilitoka na ufunguo wa biti 40 kwa sababu sheria za Marekani za wakati ule zilibana usafirishaji wa usimbaji wenye nguvu. Je, sheria hiyo waliitunga wapima mawimbi? RC4, kanuni ya usimbaji iliyomo ndani yake, aliibuni nani? Ron Rivest, mtaalamu wa usimbaji mwenye jina kubwa. Vifaa vya wakati ule vilikuwa dhaifu, ukivibebesha hesabu nzito vinasimama. Msitucheke kwa mzigo tuliotwishwa.

Na wewe uliyeanzisha mada: uthibitishaji kamili wa EAP, itifaki ya kujithibitisha mtandaoni, kifaa kikienda na kurudi hadi kwenye seva ya nyumbani, unaweza kufika mamia ya milisekunde, pengine sekunde nzima. Sauti inataka katizo lisizidi kama milisekunde 50. Anayevunja shindanoni atapimwa kwa lipi, usimbaji tu au na saa?

Bint Antena
Shikamoo Mzee. Niseme kitu ambacho naona hakijaguswa.

Msoma, mfano wako wa AES haukai. Algoriti ni kitu kimoja: unaingiza biti 128, zinatoka 128, mtu anaweza kujifungia chumbani na kuishambulia. Makabidhiano ni watu wengi. Kuna simu, kituo unachotoka, kituo unachokwenda, seva ya uthibitishaji, na mara nyingi wenye mitandao wawili wasioaminiana. Swali gumu hapo ni nani amwamini nani. Tazama LTE, mtandao wa simu wa 4G. Kituo kikikabidhi simu moja kwa moja kwa jirani yake, ndicho kinachozalisha ufunguo wa jirani, kwa hiyo kinaujua. Usalama wa mbele, yaani kituo cha zamani kutojua funguo zijazo, unapatikana baada ya hatua ya pili, mtandao wa kati ukishaleta kiungo kipya cha ufunguo. Maana yake kituo kilichotekwa kinaweza kusoma hatua moja mbele. Walioridhia hilo walikuwa wakijua, walipima muda dhidi ya hatari. Shindano la uvunjaji lingeliita kasoro na kulitupa nje, na hapo labda mngepata kitu salama ambacho kinakata simu.

Halafu NIST hao hao waliosifiwa ndio waliochapisha Dual_EC, kanuni ya kuzalisha namba za nasibu, mwaka 2006. Mwaka 2007 Shumow na Ferguson wakaonyesha hadharani kwamba inaweza kuwa na mlango wa nyuma, na bado ilibaki hadi nyaraka za siri za Marekani alizovujisha Snowden mwaka 2013 zilipowasha moto.

Kwa hiyo uwazi peke yake si dawa. Vikao vina taabu yake, na tuliokaa humo hadi usiku tukibishana neno moja tunajua. Anayetaka sauti aje akae.

Mpitanjia
"Anayetaka sauti aje akae." Dada, nimesoma hilo mara tatu.

Aje akae kwa nauli ya nani? Kura kwenye vikundi vya 802 unaipata kwa kuhudhuria. Kwa kawaida uwe umekaa vikao vikuu viwili kati ya vinne vya mwisho, na kila kikao uwepo kwa robo tatu ya muda. Vikao vikuu ni vitatu kwa mwaka, katikati kuna vingine. Ndege, hoteli, ada, wiki nzima nje ya kazi. Mwalimu wa chuo anayejua kuvunja itifaki kuliko wote mliomo humo atapata wapi hizo? Kampuni kubwa inatuma watu ishirini, kila mmoja na kura yake, eti kila mtu anapiga kura kama mtu binafsi.

Mmesahau 802.20, kikundi cha mtandao wa kasi kwa vifaa vinavyosafiri? Kikundi kile kilisimamishwa chote, nadhani 2005, kwa sababu ya malalamiko kwamba upande mmoja umekishika.

Kisimbuzi
Ni Juni 2006. Bodi ya viwango ya IEEE ilisimamisha shughuli hadi Oktoba Mosi, na baadaye kura zikahesabiwa kwa taasisi badala ya kichwa kimoja kimoja. Na kwa kuwa tumefika huko, 802.15.3a, kikundi cha redio ya kasi ya masafa mafupi, ndiyo inayofundisha zaidi. Mapendekezo zaidi ya ishirini yaliunganishwa hadi yakabaki mawili, hakuna lililofika asilimia 75, kikundi kikavunjwa Januari 2006 bila kiwango chochote. Fahali wawili walipigana, nyasi tukabaki bila kitu.

Kufuli
Mzee, nakuheshimu lakini hilo la sheria za usafirishaji linafunika nusu tu ya chungu. Biti 40 sawa, nakupa. Je, zile biti 24 za kianzio, namba inayobadilishwa kwa kila pakiti na kuunganishwa na ufunguo? Hakuna sheria iliyosema ziwe 24. Ni thamani kama milioni 16.7 tu, na ukizichagua kwa bahati nasibu, baada ya pakiti kama elfu tano tayari uwezekano wa mbili kugongana ni nusu kwa nusu. Rivest aliibuni RC4, hakuwaambia muibandike kianzio mbele ya ufunguo hivyo. Fluhrer, Mantin na Shamir waliweka wazi udhaifu wenyewe 2001. Pendekezo lile lingewekwa mbele ya wavunjaji mwezi mmoja tu, lisingetoka.

Mzee wa Minara
"Muibandike." Mimi sikuibandika kitu, kijana. Sikuwamo.

Na umerukia biti 24 ukaacha milisekunde 50. Naona hamtaki kujibu swali la saa.

Msoma Itifaki
Mzee, la saa najibu mimi. Muda uandikwe ndani ya vigezo: pendekezo linalozidi kiasi fulani lisiingie mlangoni. Ndiyo maana nataka vigezo vifungwe mapema, ili mtu asije kusema "muda ndio muhimu" baada ya kuona pendekezo lake ni la haraka lakini dhaifu.

Tafadhali turudi kwenye swali. Suala la nauli ni zito, ila lina mada yake.

Mpitanjia
Halina mada yake, ndiyo mada yenyewe! Vigezo vyako vitafungwa na nani? Na hao hao waliomo chumbani. Kesi ya nyani utampa ngedere, halafu ufurahi kwamba ngedere ameandika hukumu kabla ya kusikiliza.

Wakili Mpole
Nachomeka jambo moja. Mnazungumza kama watu wanaunganisha mapendekezo kwa sababu ya ubora. Mengine yanaunganishwa kwa sababu ya hataza, haki za kumiliki uvumbuzi. Mwanzoni mwa kikao mwenyekiti anauliza kama kuna anayejua hataza inayogusa rasimu, na mwenye nayo anaombwa barua ya ahadi kwamba atatoa leseni kwa masharti ya haki. Pendekezo lililounganishwa linabeba vipande vya kila mtu, na kila mtu ana sababu ya kulipigia kura. Mvunjaji akisema kipande fulani kitolewe, anatoa mkate mdomoni mwa mtu.

Bint Antena
Mpitanjia, sikukudharau na naomba usome tena nilichoandika. Sikusema asiye na nauli hana akili. Nimesema maandishi ya kiwango yanazaliwa kwenye ubishi wa ana kwa ana. Hapa mtu anaandika, analala, anarudi kesho kajibu lingine.

Na hao wavunjaji mnaowasifu nao hukosa. Kupeana mikono kwa 802.11i, ule utaratibu wa simu na kituo cha Wi-Fi kukubaliana funguo, kulichambuliwa na wasomi kwa hesabu rasmi mwaka 2005, wakathibitisha sifa zake. Mwaka 2017 Mathy Vanhoef akaja na KRACK, shambulio linalolazimisha ufunguo ule ule usakinishwe tena. Uthibitisho ulikuwa sahihi, haukugusa tu swali la lini ufunguo unasakinishwa na mara ngapi.

Kufuli
Asante kwa kuitaja KRACK, maana ndani yake kuna kitu cha mada hii hasa na nashangaa tumefika hapa bila kukisema. Makabidhiano ya haraka ya Wi-Fi, 802.11r ya 2008, nayo yalipigwa. Katika mashambulizi yale mengine anayelengwa ni simu, tena adui lazima ajipenyeze katikati. Kwenye 802.11r analengwa kituo, na adui anasikiliza tu, kisha anarudia ombi la kujiunga alilolinasa. Kituo kinasakinisha ufunguo ule ule upya, hesabu ya pakiti inarudi mwanzo. Yaani tulipoongeza haraka ndipo tulipoongeza ufa.

Mzee wa Minara
Hilo la 802.11r ni kweli, nalikubali.

Mpitanjia, nimekuwa nikikufikiria. Umewahi kweli kupeleka maoni, au unalalamikia mlango ambao hujaugonga? Rasimu zinapopigiwa kura kwa barua, kila maoni yanayoletwa yanajibiwa moja moja, yamekubaliwa au yamekataliwa na kwa nini.

Mpitanjia
Niligonga, Mzee. Kamati ya viwango, sitaitaja, si hiyo tunayoijadili. Niliandika kurasa sita, usiku, baada ya kazi. Sikuwa mpiga kura, kwa hiyo hazikuingia kwenye jedwali la majibu. Nilipata barua ya shukrani mistari miwili. Miezi kadhaa baadaye nikaona rasimu mpya, tatizo nililoandika limo vile vile. Sikutaka sifa. Nilitaka mtu aniambie "umekosea hapa" nijue nimekosea wapi. Ndiyo maana neno la dada liliniuma.

Bint Antena
Pole, ndugu yangu. Hilo sikulijua, na nililiandika vibaya.

Msoma Itifaki
Basi tuseme hivi: kwenye utaratibu ninaoutaka, maoni ya kuvunja yajibiwe hata yakitoka kwa asiye na kura. Naliongeza kwenye hoja yangu ya mwanzo.

Kisimbuzi
Hoja yako ya mwanzo ilikuwa shindano dhidi ya kura. Sasa imekuwa haki ya kujibiwa. Si kitu kimoja.

Msoma Itifaki
Sawa, imesogea. Imesogea mahali ninapopaamini zaidi.

Mzee wa Minara
Mpitanjia, hizo kurasa sita unazo? Weka hapa hoja moja, iliyokuuma kuliko zote. Nitajibu mimi, bila cheo.

Mpitanjia
Ninazo. Hii ni ya ukurasa wa tatu.

Mnapofanya uthibitishaji wa mapema ili kuokoa zile milisekunde zako, simu inaandaliwa funguo kwenye mitandao ambayo huenda ikahamia. Tuseme minne. Inahamia mmoja. Ile mitatu imebaki na funguo halali za mtu ambaye hakuwahi kufika kwao. Nani anazifuta? Nani anajua zimefutwa?

Mzee wa Minara
Ufunguo una muda wake wa kuishi. Ukiisha, umekufa wenyewe.

Kufuli
Muda huo anaupanga nani, Mzee? Ukiwa mfupi, simu inafika na kukuta ufunguo umeshakufa, unaanza uthibitishaji kamili na sauti inakatika. Ukiwa mrefu, ni yale yale anayosema.

Bint Antena
Tena kila ufunguo ufungwe kwa kituo chake, usitumike kwa jirani. RFC 4962, waraka wa mwongozo wa intaneti wa 2007, unadai hivyo, funguo zifungwe kwa muktadha wake, kuanguka kwa kituo kimoja kusiangushe wengine. Lakini kufungwa si kufutwa. Nakiri hapo sina jibu la haraka.

Mzee wa Minara
Niacheni nilale nalo. Mpitanjia, ukurasa wa nne unasema nini?