Tupeane uzoefu: kazi yako ya kwanza utotoni ilikuwa ipi, na ilikufikisha wapi?

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi niko gereji, kakaja kachalii ka miaka kama kumi na ndoo ya mayai ya kuchemsha, kachumbari kwenye kopo, chumvi kwenye kipande cha gazeti. Nikala mawili. Akanihesabia chenji bila hata kuangalia vidole vyake, akaenda zake. Nikabaki nimesimama na spana mkononi, akili imerudi Unga Limited, mtaa niliokulia hapa Arusha.

Mimi nilianza na rambo, ile mifuko ya plastiki. Mwaka 1994, darasa la tatu, zamu ya asubuhi. Tukiruhusiwa saa sita navua shati la shule, nalikunja kwenye mfuko wa madaftari, navuka barabara ya Sokoine mpaka Soko Kuu. Bando la mifuko hamsini tulichukua duka la jumla kwa shilingi 700, mmoja tunauza 20. Bando likiisha una 1,000, mia tatu yako. Ila hela haikuwa kwenye mfuko. Mfuko ulikuwa kisingizio tu. Ukimwona mama ana viazi mkono huu na kabichi mkono ule, unamfungulia rambo kabla hajaomba, halafu: "Shikamoo mama, nikubebee?" Mpaka Kaloleni au Levolosi ni mia. Masika unaongeza, maana tope la mitaa yetu lilikuwa linavua watu viatu. Na ukishabeba usitangulie hata hatua mbili. Ukitangulia anadhani unakimbia na kabichi zake, safari nzima anakufokea, na hela anakata.

Mama yangu alikuwa anafua nguo kwenye nyumba za watu Njiro. Nilimwambia hela nimeokota. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya tatu nikala fimbo, nikatoa rambo zilizobaki. Akazinyoosha moja moja, akaziweka chini ya godoro, akasema Jumapili nisiende.

Kilichokuwa kinaniumiza si mzigo, ni kuonekana. Siku moja mwalimu wetu wa hesabu akatokea upande wa vitunguu, nikajibanza nyuma ya magunia. Akanifuata, akanunua mifuko miwili, akatoa mia, hakudai chenji. Darasani hakugusia kabisa. Mpaka leo sijui alinionea huruma au alikuwa anawahi gari.

Mengine nayapitisha haraka. La saba sikuchaguliwa, nikaingia gereji kama saidia fundi. Mwaka mzima naosha vyuma kwa petroli, malipo ni chakula cha mchana, ukiuliza unaambiwa "unajifunza". Kweli nilijifunza, lakini yule tajiri pia alipata mtu wa bure. Vifodi, zile daladala ndogo za mji huu, nimevilalia chini sana. Sasa nina sehemu yangu ndogo kwa Mrombo, vijana wawili, na nawalipa kila Jumamosi. Rambo zilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 nilijisikia kama nimefiwa na tajiri wangu wa kwanza.

Haya, wenyeji wa Chuga (Arusha) na Moshi, leteni za kwenu. Tafadhali zile za "nilipambana nikatoboa" zipunguzeni, tupeni kazi yenyewe ilivyokuwa.

Dada wa Pasua

Kaka, na sisi wasichana tupo. Mimi nilikuwa naosha masufuria ya mama ntilie, soko la Mbuyuni, Moshi. Malipo ukoko wa wali na mchuzi, Jumamosi shilingi 200. Masizi yanaingia kwenye kucha, na Jumatatu shuleni kuna ukaguzi wa kucha. Kila Jumapili jioni nilikuwa nasugua vidole kwa maganda ya limau, na bado nachapwa.

Lakini yule mama alinifundisha kitu bila kujua. Alikuwa akipokea sufuria anaangalia ukoko kwanza. Ukiwa mnene anamgombeza mpishi: "Hizi sahani tatu umezichoma, nani atazilipa?" Leo napika mwenyewe karibu na stendi. Wateja wanasifia maharage ya nazi, mimi niko nyuma naangalia ukoko.

Nyoka Mstaafu

Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite. Nilikuwa na miaka 12. Nyoka ni mtoto mwembamba anayepenya pale mtu mzima hapiti, anawapelekea wanaapolo (wachimbaji) patasi, maji na maagizo. Mshahara hakuna, mnakula na kusubiri uzalishaji. Nilisubiri miaka miwili, jiwe nililiona mkononi mwa wengine. Ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo, uliozinduliwa 2018, watu wanaulalamikia kwa mengi, mimi kwa kuzuia watoto sina neno nao. Sasa naendesha bodaboda Sakina. Msiipambe sana hii mada.

Mdau wa Ngarenaro

Mkuu mleta uzi, mbona wengi wanaoandika ni wenye gereji na migahawa? Mliokuwa nao wako wapi?

Mleta uzi

Mkuu umenishika pabaya. Hizo mbinu zote nilizoandika hapo juu, shikamoo kabla ya bei, usitangulie, si zangu. Ni za jamaa mmoja tuliyekuwa tunauza naye, alinizidi umri kidogo na kazi alinizidi mbali. Tofauti yetu ilikuwa lile shati kwenye mfuko wa madaftari. Enzi hizo shule ya msingi ilikuwa na ada, na bibi yake hakuwa nayo. Ada ilipofutwa, 2001, jamaa ameshaota ndevu.

Yuko soko la Kilombero hapa hapa mjini mpaka leo, anasukuma toroli. Tukikutana ananiita tajiri, na sipendi, ila nimeshindwa kumzuia. Wiki iliyopita ekseli ya toroli ilikatika, akalileta, nikalichomelea. Akaingiza mkono mfukoni, nikakataa. Tukabishana pale mbele ya vijana. Nikaenda ndani kunawa mikono, kurudi ameshaondoka, na kwenye benchi kuna kabichi mbili.