Naomba ushauri: kurejesha nakala ya Neo4j kutoka kwenye wingu hadi kompyuta yangu

Habari zenu wakuu. Nimepakua nakala rudufu ya hifadhidata yangu ya grafu kutoka kwenye wingu, faili la .dump, nataka niifungue kwenye Neo4j Community, toleo la bure la programu hii ya hifadhidata za grafu. Nimezima seva, nikabadili jina la faili liwe neo4j.dump lifanane na jina la hifadhidata, kisha nikatumia amri ya kupakia, neo4j-admin database load, na --overwrite-destination=true. Inapakia hadi mwisho, ila nikiwasha seva hifadhidata inagoma kufunguka.

Nahisi shida ni muundo wa kuhifadhi data: huenda nakala yangu ni ya muundo wa block, ambao ni wa Enterprise (toleo la kulipia) tu. Nawaza kupitia Neo4j Desktop, ambayo ina leseni ya Enterprise kwa wasanidi, niigeuze nakala kwa amri database copy --to-format=aligned, iwe kwenye muundo wa aligned ambao Community inaufungua. Je, indeksi na masharti ya data (constraints) vitahama salama, au niviunde upya? Data hii naitegemea sana, aliyepitia hili anielekeze tafadhali.