Tupeane uzoefu: mazoezi ya marathon yakikatika katikati, ulirudi vipi?

Mkimbiaji wa Himbi (Goma)

Jambo ndugu zangu. Tuko wengi tunaokimbia bila kocha, bila klabu, bila uwanja. Tunaamka saa 11 alfajiri, tunafunga kamba za viatu, tunaingia barabarani. Programu tunazozikuta kwenye intaneti zina wiki 16 au 18, na kila siku ina kilomita zake, kana kwamba kwetu wiki 16 zinaweza kupita bila jambo. Naomba tuzungumzie zile wiki zinazokatika. Ulipoteza nini, na uliporudi ulirudi vipi? Naanza mimi.

Nilianza kukimbia 2020. Njia yangu ya kila siku ilikuwa kutoka Himbi, napita mzunguko wa barabara wa Signers, nashuka na barabara ya Kanyamuhanga hadi karibu na Grande Barrière, mpakani na Rwanda, kisha nageuza. Jumapili nilichukua barabara ya Sake: Ndosho, Mugunga, na kuendelea mbele kadiri miguu ilivyoruhusu. Kwa asiyeijua Goma, ukitoka kwenye lami unakanyaga mawe ya volkano, meusi, yenye matundu, na makali. Viatu nilivyonunua mtumba soko la Virunga vililika soli ndani ya miezi mitatu. Jioni nilikaa na sindano nikitoa vijiwe kimoja kimoja kwenye mifereji ya soli, na nilifurahia kazi hiyo kama mtu anayesafisha bunduki yake baada ya mawindo.

Mei 2021 nilikuwa nimefika kilomita 24 kwa mara moja. Karatasi ya programu niliibandika ukutani, kila siku niliyomaliza naichora mstari. Jumapili tarehe 23 ilikuwa zamu ya kilomita 26. Jumamosi tarehe 22 jioni mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Viatu vilikuwa mlangoni tayari kwa kesho yake, ndivyo nilivyovaa kutoka nje na watoto.

Alhamisi tarehe 27, amri ya kuhama ikatoka, na sisi tukashika barabara ya Sake pamoja na nusu ya mji. Mtoto mdogo begani, mkoba wa mama mkononi. Ilikuwa barabara yangu ya Jumapili. Nilijua kila mwinuko, nilijua pale pumzi inapokatika na pale upepo wa ziwa unapokupiga usoni. Kila mara nilikuwa naipita peke yangu kabla jua halijatoka. Siku hiyo tulitembea na magodoro, mbuzi, wagonjwa kwenye chukudu (baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo), na tulifika Sake usiku. Sikuwahi kuipita tena barabara ile bila kuiona vile.

Juni tukarudi. Nyumba ilikuwa salama, karatasi bado iko ukutani. Hapo ndipo nilipokosea. Nilihesabu kilomita nilizokosa, zikafika 140, nikaamua kuzilipa: kila wiki ya programu, ongeza kilomita 35. Wiki ya tatu nikaanza kuumwa muundi wa kulia, upande wa ndani, sehemu ndogo tu ambayo ningeweza kuifunika kwa kidole gumba. Asubuhi unauma, ukipata joto unanyamaza. Kule kunyamaza kulinidanganya. Wiki ya tano nilikuwa nachechemea hata kwenda dukani. Aliyenitazama alibonyeza pale pale, nikaruka. Akasema mfupa umechoka na uko njiani kupasuka, na nisikimbie hata hatua moja kwa miezi miwili. Kwa jumla nilikaa miezi minne.

Kilomita zilizopotea hazilipwi. Hilo nimelijua kwa mguu wangu. Mwili haukuhifadhi hesabu yako ya ukutani. Unajua tu ulichofanya wiki iliyopita na ulichofanya leo. Niliporudi nilianza na nusu ya kiasi nilichoachia, nusu hiyo nikaishikilia wiki mbili, ndipo nikaongeza kidogo kidogo. Programu yenyewe niliikata mwisho badala ya kuibana katikati: kama mbio ndefu ya kilomita 32 haikupata nafasi, basi haikupata.

Juni 2023 nikaenda Kigali kukimbia marathon. Tulivuka Jumamosi mapema kwa sababu mpaka siku hizo ulikuwa unafungwa saa 9 alasiri. Hadi kilomita 30 nilikuwa mtu. Baada ya hapo wanga wote mwilini umekwisha na milima ya Kigali haikuonei huruma. Kilomita ya 34 nilitembea, nikala vipande viwili vya ndizi, nikaanza tena. Saa 4 na dakika 51. Mke wangu alipoona medali aliishika, akaipima uzito mkononi, akaniuliza: "Ni hii?" Nikamwambia ndiyo, ni hii. Nililia.

Mama Spoti (Bukavu)

Kaka, aksanti kwa kufungua hili. Sisi wa Bukavu hatuna hata hiyo lami tambarare yenu. Hapa ukitoka nyumbani, ama unapanda ama unashuka, na mvua ikinyesha kuanzia Septemba, njia za Kadutu ni utelezi mtupu, unakimbia huku macho yote yako chini.

Ila kilichonikatisha kwanza hakikuwa mvua, ni watu. Mtu mzima akikimbia barabarani kwetu, watu hawamtazami yeye, wanatazama nyuma yake kuona kinachomkimbiza. Nafikiri Goma ni vilevile. Asubuhi moja nimetokeza karibu na soko la Kadutu nikiwa na kasi nzuri, nikaona wamama wa lengalenga (mchicha) wanakusanya mafungu yao ndani ya beseni haraka haraka, mmoja ameshamfunga mtoto mgongoni. Nikasimama, nikainua mikono, nikapiga kelele: "Ni mazoezi, mama! Ni spoti tu!" Yule aliyefunga mtoto aliketi chini, mikono inamtetemeka. Nilimwomba radhi na nikanunua lengalenga ambazo sikuzihitaji. Wiki mbili sikutoka.

Niliporudi nilivaa fulana ya njano ileile kila siku, nikapita saa ileile, na nikawa nawasalimia kabla sijawafikia. Sasa wananiambia, "Mama Spoti, leo umechelewa." Jina nimelipata pale.

Ya pili ilikuwa malaria, wiki tano kabla ya mbio nilizozilipia. Dawa za siku tatu nilimaliza, siku ya tano nikajisikia mzima, nikataka kufanya kilomita 18. Kilomita ya saba moyo ulikuwa unanipiga masikioni, macho yanaona nyota, nikachuchumaa ukingoni mwa barabara. Kijana wa moto (pikipiki) alinirudisha nyumbani na akakataa pesa. Kipimo kikaonyesha damu imeshuka. Malaria inakula damu, na damu ndiyo inayobeba pumzi. Homa kuondoka si kusema umepona. Niliomba wanihamishie kwenye kilomita 21. Kuandika ombi lile kuliniuma kuliko malaria yenyewe, kwa sababu mtaa mzima nilikuwa nimewaambia 42. Nikakimbia 21, nikamaliza nikiwa na nguvu. Ile 42 bado naidai.

Kijana wa Katindo (Goma)

Yaya, wakubwa wangu, mimi sikubali yote. Nilikosa wiki mbili kwa sababu ya mitihani, niliporudi nikaendelea pale programu ilipo, sikuumia, na nikamaliza mbio zangu vizuri. Mnawatisha watu.

Mkimbiaji wa Himbi

Mdogo wangu, ninakuamini. Wiki mbili za kukaa darasani ukiwa unakula na unalala, mwili haupotezi kitu kikubwa, na wengine hurudi wakiwa na miguu mepesi zaidi. Na hukuongeza juu ya programu, uliendelea nayo. Mimi niliongeza. Halafu wiki zangu hazikuwa za mapumziko: tulilala chini Sake, tulikula mara moja kwa siku. Hizo ni wiki tofauti hata kama kwenye karatasi ni sawa.

Kasapa 42 (Lubumbashi)

Bandugu wa Kivu, salamu kutoka Katanga. Mlima hatuna. Tuna vumbi, na tuna kazi ya zamu.

Nafanya kazi mgodini, siku 14 kule, siku 7 nyumbani. Kule ni saa 12 kwa siku na kukimbia nje ya kambi haiwezekani, malori ya madini hayalali. Kwa mwaka mzima nilijaribu kufuata programu ya wiki za siku saba, na kila mwezi nilijiona nimeshindwa. Nilikuwa nafika nyumbani na hasira ya siku 14, nakimbia kilomita 25 siku ya kwanza, ya pili siwezi kushuka kitandani. Mke wangu ndiye aliyesema: "Wiki yako si ya siku saba. Wiki yako ni ya siku 21." Nikafuta kila kitu, nikaandika upya. Siku 14 za kambini ni za kupanda ngazi, kuchuchumaa na kusimama, tumbo na mgongo, dakika 30 baada ya zamu, basi. Siku 7 za nyumbani zina mbio nne tu: fupi, ya wastani, fupi, ndefu. Mbio ndefu inakuja moja kila baada ya siku 21. Wataalamu watasema ni chache. Mimi ndizo nilizokuwa nazo, na tangu hapo sijawahi tena kuhisi kwamba nimekatika, kwa sababu kambi sasa iko ndani ya programu.

Mbio yenyewe niliikimbia mwenyewe, Julai 2022, barabara ya Kipushi. Julai asubuhi hapa ni baridi, pumzi inatoka moshi, vumbi limelala kidogo kwa umande. Wiki moja kabla, rafiki yangu alipima na moto: kilomita 21 na kidogo, akafunga kitambaa chekundu kwenye kichuguu. Mnajua vichuguu vya kwetu, vinapita urefu wa nyumba. Siku hiyo alinifuata na baiskeli, nyuma amefunga bidoni (dumu) ya maji ya lita 5: kila lita vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nilikuwa nakitafuta kile kitambaa kwa macho tangu kilomita ya 15. Nilipokiona nilikigusa, nikageuza. Kuanzia 33 rafiki yangu aliacha kuongea, akawa anapiga kengele ya baiskeli tu kila nikipunguza. Saa 5 na dakika 8. Hakukuwa na medali. Nyumbani nilikuta bukari (ugali) na samaki, nikalala na sahani mapajani.

Mzee wa Keshero (Goma)

Watoto wangu, nasoma na nafurahi. Makorobondo Salukombo alipokimbia marathon ya Olimpiki kule Rio 2016 na jezi ya Kongo, mwaka uleule Béatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000. Nilikuwa nawaambia vijana wa mtaa: hawa ni wetu.

Nina neno moja kwa wanaorudi kutoka kuumia. Wengi wanaikwepa lami ili kuokoa magoti, wanaingia vinjia vya udongo upande wa ziwa, Keshero, Bulengo, Lac Vert. Ni vizuri, lakini jihadharini na mazuku, gesi ya volkano inayoua. Ule upepo mbaya unatoka ardhini na ni mzito kuliko hewa, unakaa kwenye mabonde na mashimo, hasa alfajiri kabla jua na upepo havijautawanya. Hauuoni. Ukikuta ndege au panya amekufa kwenye bonde bila jeraha, rudi nyuma. Na ukichoka, usikae wala usilale mahali pa chini. Panda juu kwanza ndipo upumzike. Mtu aliyesimama anaweza kupona pale ambapo aliyelala haamki.

Mbio za Parseli (Goma)

Nimesoma yote na nimesita kuandika, sababu mimi marathon bado.

Mwisho wa Januari 2025 nilikuwa wiki ya 9 kati ya 16. Mnajua siku zile za vita hapa Goma. Maji hakuna, umeme hakuna, intaneti hakuna, tumelala kwenye korido. Baada ya milio kunyamaza, mama alikataa nisitoke, na alikuwa na haki. Nikachukua mita ya fundi, nikapima kuzunguka nyumba yetu ndani ya ukuta: mita 62. Kilomita 5 ni mizunguko 81. Ukifika wa thelathini akili inapotea, kwa hiyo nilihesabu maharage 81 kwenye kikombe, kila mzunguko natoa moja natia kwenye kikombe cha pili dirishani. Kila baada ya mizunguko 10 nageuza upande, maana kona zikiwa za upande mmoja tu, goti la ndani linalalamika. Mdogo wangu wa miaka 6 akawa ndiye anayehamisha maharage, na alikuwa mkali: nikikata kona, harage halihami.

Kuna njia imechimbika ardhini hadi leo kuzunguka nyumba. Mama amepanda mboga upande wa ndani wa ile njia, hakuigusa.

Siku ya kwanza kurudi barabarani nilifanya kilomita 9 polepole na nikachoka kama si mimi. Swali langu ni hili: nianze programu upya wiki ya 1, au nirudi wiki ya 5?

Mkimbiaji wa Himbi

Rudi wiki ya 4, kaa hapo siku 14, utuandikie muundi na magoti yanasemaje. Na kama mama anaruhusu, Jumapili saa 12 asubuhi niko Signers, nitakimbia kilomita 10 taratibu. Mlete na mwenye maharage, dada yangu atakaa naye.