Mrejesho: bango la chapati na mkono wa vidole sita

Wadau, asanteni sana. Niliuliza jinsi ya kuokoa picha ya akili mnemba ya mama anayesukuma chapati, ya bango la kibanda huku Kariobangi: mkono wa kulia ulikuwa na vidole sita, wa kushoto umeyeyukia kwenye kifimbo.

Kuongeza maneno "vidole vitano" kwenye maelezo ninayoandikia programu hakukusaidia hata kidogo. Kilichoponya mkono wa kulia ni ushauri wa kufunika kiganja pekee hadi kifundo cha mkono, kisha kuchora upya sehemu hiyo tu kwa pikseli 1024. Stable Diffusion, programu ya akili mnemba niliyotumia kuchora, hufinya picha mara 8 kila upande kabla ya kuchora, kwa hiyo kiganja chenye upana wa pikseli 64 (vitone vya picha) hubaki na vyumba 8 tu vya kuchorea kwa upana. Vidole vitano vitaenea wapi? Nguvu ya kubadilisha (0 huiacha picha ilivyo, 1 huichora upya kabisa) ya 0.5 ilitosha. Kwa 0.3 kidole cha sita kilibaki palepale; kwa 0.8 kidole gumba kilihamia upande wa kidole cha mwisho.

Mkono wa kushoto uligoma kabisa. Hapo ilibidi kupiga picha ya simu ya mkono halisi ulioshika kifimbo kwa pembe ileile, kuibandika juu, kisha kuipitisha kwenye programu kwa nguvu ya 0.25 ili rangi na mwanga vilingane. Kucha zimetoka safi, hata unga kwenye viungo vya vidole unaonekana. Kivuli cha kidole cha shahada bado kinaangukia upande usio wake, nimekiacha. Bango liko River Road linachapwa.